Msikilizaji wa Tabora

Mtambo wa Sikio ulipowashwa, mji mzima wa Tabora ulinyamaza. Treni za sumaku zilisimama, roboti za ujenzi ziliganda na nyundo zao hewani, na watu wakanong'ona mchana kweupe. Juu ya kilima, madishi makubwa ya chuma yalizunguka taratibu yakiwatafuta kwa mlio wao nyigu, ndegechuma wadogo wa adui wasio na rubani, ambao rada haikuwaona.

Kompyuta peke yake ilikuwa imeshindwa kazi hiyo, kwa kuwa akili bandia ya adui iliidanganya kila siku. Ndipo Mhandisi Salome Shekalaghe alipogundua kwamba ubongo wa mama anayenyonyesha haudanganyiki. Mama huyo hulala fofofo katikati ya ngurumo, lakini mwanawe akikohoa tu, ameshaamka. Mhandisi akatengeneza kofia ya nyaya, akaunganisha madishi na kichwa cha mama.

Nyamizi, msusi wa mtaa wa Ng'ambo, alikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kununa. Aliolewa na Mihayo, fundi wa matrekta, wakamzaa Kapela. Mtoto hajaota hata jino, vita vikamchukua baba yake. Kisha nyigu wakaiteketeza Ng'ambo. Handaki la chini ya mji lilikuwa karibu kujaa. Nafasi zilizobaki zilitengewa watoto wa wasikilizaji, akina mama waliovaa kofia ile.

"Basi nitasikiliza," Nyamizi alimwambia mama mkwe wake, Bi Kalunde.

"Mwanangu, wanasema kofia ile inamla mtu."

"Na nyigu je, mama? Hawali?"

Kila mchana alikaa kitini akiwa amefumba macho. Nyigu walipokaribia, aliinua mkono kuonyesha upande, na mizinga ikafyatuka. Jioni alishuka handakini kumnyonyesha Kapela. Lakini kofia ilikuwa ikiikausha mishipa yake ya fahamu. Alianza kutetemeka, akasahau majina ya majirani. Siku moja Bi Kalunde alimkuta anakunja nepi kwa utulivu kando ya mtoto aliyekuwa akilia kwa nguvu zake zote.

"Nyamizi! Humsikii mwanao?"

Alimsikia mkwewe vizuri. Akageuka, akaona kinywa cha mtoto kilivyo wazi, lakini kilio chake hakukisikia. Ndipo akalia yeye.

"Inatosha," Mhandisi alimwambia. "Ubongo wako sasa unawasikia nyigu badala ya mwanao." Akaongeza, "Nikikuunganisha tena, huenda usirudi. Kaa na mwanao."

Akakaa. Alimwogesha Kapela, akambeba mgongoni, akamfuata kila alikotambaa, maana asingemwona asingejua kama analia. Kisha asubuhi moja ya Ijumaa msikilizaji aliyemrithi alizimia kitini, na habari zikaja kwamba kundi kubwa la nyigu limevuka mto.

Nyamizi alimkabidhi mkwewe mtoto. "Akiamka mpe uji, mama. Upoze kwanza."

"Usiende, mwanangu."

"Wakilivunja handaki hili, nitakuwa nimebaki kwa ajili ya nani?"

Mkono wake uliinuka na kushuka tangu asubuhi hadi adhuhuri. Hakuna nyigu aliyefika handakini. Uliposhuka mara ya mwisho, Mhandisi alidhani anapumzika.

Vita vilikwisha mwaka uliofuata. Mihayo alirudi akichechemea, akamkuta mtoto anayemkimbia, na katikati ya mji sanamu ya madishi, bila mtu. Akapanda kilimani.

"Alinitaja?" alimuuliza Mhandisi.

Mhandisi aliinamisha kichwa. "Kitini mtu hawezi kusema, kaka. Sitakudanganya."

Mihayo aligeuka kuondoka. Nje ya mlango wasichana wenye watoto wachanga mgongoni walikuwa wamepanga foleni.

"Hao wanasubiri nini?"

"Miji mingine imeagiza Sikio. Wamekuja kujifunza."

"Si vita vimekwisha?"

"Hivi vimekwisha."

Mihayo alitoka, akasimama mbele yao. "Mke wangu aliitwa Nyamizi," akasema, na akawasimulia kila alichoambiwa na mama yake, hadi nepi zile zilizokunjwa. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa pole. Mmoja tu ndiye aliyetoka kwenye foleni.