Ngozi Ngumu ya Nyundo za Buazza

Fundi Buazza hufungua karakana yake mjini Fes kabla muuza mnanaa hajapita. Kazi yake ni moja: kutengeneza nyundo za wakata vigae. Nyundo hizo zina makali pande zote mbili. Mkataji huketi chini, huweka kigae juu ya jiwe, hugonga kidogo kidogo mpaka kitoke kipande chenye umbo la nyota. Makali yakiwa laini hayakati. Yakiwa magumu mno, yanameguka.

Jumatano moja aliingia Si Jilali, mkataji vigae, rafiki wa Buazza wa miaka thelathini. Chini ya jicho lake la kulia palikuwa na kidonda. Aliweka nyundo mezani. Kona yake ilikuwa imemeguka.

"Kipande chake kimenipata hapa," alisema. "Kingepanda kidogo tu, ningekuwa chongo."

"Pole sana, ndugu yangu."

"Hii ya tatu tangu Shaabani. Siku hizi nikigonga nageuza uso. Umewahi kuona mtu anakata nyota huku anatazama ukuta?"

"Nitakutengenezea nyingine."

"Moja tu, Buazza. Ikimeguka nayo, nanunua za dukani. Chai tutaendelea kunywa, lakini nyundo zako basi."

Maneno hayo yalimchoma Buazza. Nyundo zile ndizo jina lake, na kabla yake zilikuwa jina la baba yake.

Ijumaa, baada ya sala, familia ilikusanyika kwenye sinia la kuskusi. Alikuwepo Ghizlan, mtoto wa dada yake Buazza. Yeye anafanya kazi Kasablanka, kwenye kiwanda cha gia za magari, sehemu ya matanuri.

"Mjomba, mbona huli?" aliuliza.

"Ameshiba mawazo," alisema Yamna, mke wa Buazza. "Tangu juzi ndiyo chakula chake."

Buazza akaeleza yote. Kisha akasema, "Nadhani chuma hakiivi. Safari hii naongeza mkaa, na sanduku la nyundo nalilaza jokoni siku mbili."

"Usithubutu!" alisema Ghizlan. "Utazidisha ugonjwa."

"Ala! Wewe nyundo umeshika lini? Mikono yenyewe ya bibi harusi."

"Sijashika. Ila kupika chuma ndiyo riziki yangu. Hebu nieleze unavyopika."

"Kama baba. Napanga nyundo ndani ya sanduku la chuma, najaza mkaa uliosagwa, nakandika udongo kwenye kifuniko. Sanduku linaingia kwenye joko pamoja na vigae. Linatoka pamoja na vigae, kesho yake, limeshapoa. Halafu napasha nyundo tena na kuzizima majini."

Ghizlan aliomba ile nyundo iliyomeguka. Wakatoka nayo uani. Pale ilipomeguka, katikati palikuwa kijivu. Ukingoni palimetameta kama chumvi ya mawe, upana karibu wa punje ya mchele.

"Angalia, mjomba. Mkaa ukiwa kwenye moto mkali unatoa hewa yenye kaboni. Hewa hiyo inagusa chuma, na chuma kikiwa chekundu kinaifyonza kaboni. Ndiyo maana ngozi ya nyundo inakuwa ngumu, na moyo wake unabaki laini, hauvunjiki."

"Hilo najua."

"Sawa. Lakini mkaa haujui kusema basi. Mwanzo kaboni inaingia haraka, baadaye polepole, lakini inaendelea. Ngozi inashiba, inavimbiwa. Kisha unaiacha ipoe taratibu ndani ya joko. Chuma kikipoa hakiwezi kubeba kaboni yote ile. Inayozidi inashikana na chuma, inakuwa kitu kinaitwa kabidi. Ni kigumu sana, lakini kinavunjika kama kioo. Kinajipanga katikati ya punje za chuma, kama wavu. Na kadiri kaboni ilivyozidi, wavu unanenepa. Ukigonga, ufa unafuata wavu huo huo."

"Kwani nikipasha tena hauyeyuki?"

"Kwa moto wako ule mfupi? Hauendi popote."

Buazza aliigeuza nyundo mkononi. Yamna ndiye aliyeuliza, "Baba yako naye alikuwa akiacha mpaka kesho yake?"

"Hapana. Joko la zamani lilikuwa na dirisha la pembeni, linafunguka hata moto ukiwaka. Akiingiza sanduku asubuhi, adhuhuri analitoa. Mimi nilidhani anawahi chakula."

"Na zile nyaya zilizokuwa zinachungulia kwenye sanduku?"

"Nilidhani ni za kulishikia."

Ghizlan akacheka mpaka akashika mbavu. "Mjomba! Zile ndizo saa yake. Anachomoa mmoja, anauzima majini, anauvunja, anaangalia unene wa ngozi. Ukitosha, anatoa sanduku. Wewe ulihamia joko jipya lisilo na dirisha, ukaacha kuangalia."

Buazza aliona aibu, kisha akacheka naye. Afadhali aibu ya uani kuliko jicho la Jilali.

Kesho yake alijenga tanuri dogo kwa matofali ya joko. Akapanga nyundo mbili na mkaa, akachomeka nyaya tatu. Baada ya saa mbili za moto mwekundu alichomoa wa kwanza na kuuvunja. Ngozi ilikuwa nyembamba kama karatasi. Baada ya saa tatu akavunja wa pili. Ngozi ilifika unene wa ukucha. Hakungoja zaidi. Alifungua sanduku na, kama Ghizlan alivyomwelekeza, akazizima nyundo papo hapo kwenye mafuta, zikiwa bado nyekundu. Halafu akazipasha kwa moto mdogo mpaka zikawa na rangi ya majani makavu, ili ugumu upungue makali yake.

Nyundo moja aliigonga kwenye jiwe kwa nguvu zake zote. Haikumeguka. Ya pili akampelekea Jilali, pamoja na miwani ya kukinga macho ambayo Yamna alimlazimisha aibebe.

Jilali alivaa miwani akinung'unika. Aliweka kigae cha kijani juu ya jiwe. Akageuza uso ukutani, akagonga. Akageuka, akatazama makali. Yalikuwa mazima. Akagonga tena, na tena, uso bado pembeni. Buazza alisimama mlangoni.

Nyota ya kwanza ikatoka, imepinda kidogo. Ya pili ikatoka.

Alipoanza ya tatu, Jilali aliinama, akakaza macho kwenye kigae, na hakuyaondoa mpaka akamaliza.