Blanketi la Kasha la Tatu

Mwaka ule dereva alipata likizo ya wiki mbili, na aliapa kwamba hataimalizia nyumbani akigeuzwa mpiga pasi wa wateja wa mkewe. Mkewe ni fundi cherehani, huyu huyu anayetushonea sisi wote wa mtaani. Haya aliyasimulia mwenyewe, mara moja tu, sindano ikiwa mkononi na uzi haujaingia.

Walifunga safari watatu: dereva, fundi na binti yao wa miaka sita, ambaye baba yake alimbandika jina la Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Siku ya tatu wakakodi gari, wakaenda kutembelea shamba la viungo.

Asubuhi ilikuwa njema. Mwanamke aliyewatembeza alikuwa akivunja majani, anawanusisha, nao wabahatishe. Dereva akanusa mdalasini akasema ni karafuu. Akanusishwa karafuu, akasema hiyo ni dawa ya meno. Chiriku alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwuliza mtembezaji maswali kama thelathini hivi kuhusu pilipili manga.

Mwisho wakafika kwenye banda la vanila. Ganda la vanila likichumwa ni bichi na halinuki chochote. Huchovywa kwenye maji ya moto, kisha kila siku maganda huanikwa juani mpaka saa saba mchana. Yakiwa bado ya moto hufungwa kwenye mablanketi, yakalazwa ndani ya makasha ya mbao yatoke jasho mpaka kesho yake. Wiki baada ya wiki yanasinyaa, yanakuwa meusi, na harufu inakuja. Kazi hiyo ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima ambaye wenzake walimwita Mlazaji. Alifunga kila furushi polepole, akalipapasa, akalinong'oneza.

"Unayaambia nini?" Chiriku akauliza.

"Nayaambia yalale. Bado hayajaiva."

"Na mimi nilaze."

Wazazi wakacheka. Mlazaji hakucheka. Alimgeukia fundi. "Mama, unaruhusu?"

Fundi akakubali kwa kichwa. Alidhani ni mchezo.

Chiriku akafungwa kwenye blanketi la kijivu, akalazwa kwenye kasha la tatu katikati ya mafurushi. Alikuwa bado anaongea alipofunikwa uso. Halafu akanyamaza katikati ya neno, na wakaona blanketi linapanda na kushuka taratibu. Amelala.

"Mwacheni kidogo," alisema Mlazaji. "Nikishaanua ya uani nitamfungua mwenyewe. Blanketi hufunguliwa na mkono uliolifunga." Akatoka.

Dereva naye akaenda kuwasha gari, kwa kuwa lilitakiwa kurudishwa saa tisa. Fundi akabaki anasubiri. Honi ikalia. Akachungulia uani, Mlazaji haonekani. Honi ikalia tena, ndefu. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote kazi ni kufunga na kufumua vitambaa vya watu, na kwake blanketi ni blanketi. Akalifungua. Mtoto akafumbua macho, akanyanyuka, akampa mkono. Fundi akalikunja blanketi mara nne, kona kwa kona, maana hawezi kuacha kitambaa ovyo, akalirudisha kwenye kasha.

Njia nzima Chiriku hakusema neno.

"Leo betri imekwisha," dereva alisema, akacheka peke yake.

Wakarudi nyumbani. Asubuhi mtoto akatoa mkeka uani, akalala juani chali, macho wazi. Saa saba mchana akainuka bila kuitwa, akaingia chumbani, akajiviringisha shuka kuanzia unyayo hadi utosini. Hakutoka mpaka asubuhi. Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa.

Wakampeleka hospitali. Vipimo vyote safi. Dereva likizo ikamwishia, akarudi barabarani na moyo mzito, akawa anapiga simu kila kituo kuuliza kama mtoto ameongea. Hakuwa ameongea. Hakulia hata alipochomwa sindano.

Wiki ya pili gauni lake la shule likampwaya. Fundi akalipunguza. Wiki ya sita likapwaya tena, safari hii na pindo likashuka chini ya magoti. Fundi akachukua utepe akampima. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi mbili. Mtu akiugua hukonda, hilo analijua. Akampima urefu. Inchi moja haipo. Akapima mara tatu. Mtoto alikuwa anafupika, anakuwa mweusi, anakunjamana kwenye viwiko. Na chumba kizima kilinukia vizuri.

Alimpigia mumewe akilia. Dereva alisimamisha gari kando ya barabara.

"Mrudishe kule," alinong'ona. "Leo leo."

Fundi na mtoto walifika shambani saa sita na nusu mchana. Mlazaji alikuwa anaandaa mablanketi. Alichukua kidole cha mtoto akakisokota katikati ya vidole vyake viwili, kama anavyopima ganda. Akakinusa.

"Nani alifungua?"

"Mimi."

Akawapeleka kwenye kasha la tatu. "Hili hatujaligusa tangu mwondoke," alisema. "Hakuna anayetaka kuligusa."

Blanketi la kijivu lilikuwa limefungwa. Nene. Urefu wa mtoto.

"Nililikunja," fundi alisema. "Nililikunja mimi, mara nne."

"Najua."

Fundi akaweka kiganja. Pale palikuwa pa moto. Blanketi likapanda. Likashuka. Kisha sauti ikatoka ndani, ya usingizini, sauti anayoijua kuliko yake mwenyewe.

"Mama, baba ameacha kupiga honi?"

Fundi akainama juu ya kasha. Akaanza kuvuta ncha ya blanketi, Mlazaji akamshika mkono kwa nguvu.

"Usirudie. Nitafungua mimi. Lakini nikilifungua, huyo uliyekuja naye lazima alazwe. Kasha haliachwi na pengo."

Ndipo yule wa mkononi akalia. Wiki sita hakutoa chozi, sasa alilia kwa sauti, akamrukia fundi shingoni, akaficha uso begani kwake.

"Mama, usinilaze."

Sauti ile ile. Ile ile kabisa.

Fundi anasema alimpenda pale. Hataki tumdanganye mtu. Alikuwa amemwogesha wiki sita, amempunguzia nguo, amekesha naye. Mwili ule mwepesi ulikuwa unatetemeka kama mtoto yeyote anavyotetemeka.

"Yupi wangu?" akamwuliza Mlazaji.

"Mimi kazi yangu kulaza tu."

Ndani ya blanketi mtoto akakohoa. "Mama, joto."

Fundi akafumba macho. Akaibandua mikono shingoni kwake, kidole kimoja kimoja. Vilikuwa kumi. Akasogea ukutani, hakutazama. Akasikia kitambaa kikifunguliwa. Akasikia kitambaa kikifungwa. Kilio kikakatika katikati. Mlazaji akanong'ona, "Lala. Bado hujaiva."

Mkono mdogo ukamshika gauni. "Mama, mbona umevaa nguo nyingine?"

Alirudi na Chiriku, mdomo bila breki, gauni la shule likimbana hadi likafumuliwa mshono. Dereva alilia mbele za watu. Sisi majirani tukasema mtoto amepona, tukaendelea na yetu.

Lakini gauni alilovaa fundi siku ile lina doa begani, pale yule mwingine alipolilia. Doa la kahawia, linanukia vanila. Alilifua likabaki. Akalikata, akatia kiraka kipya, mshono wa karibu karibu. Kesho yake saa saba mchana kiraka kikalowa. Akatia kingine. Sasa amefikia cha kumi na moja. Hawezi kulichoma, anasema mkono unamkatalia. Limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba anachoshonea, na ikifika saa saba ukiligusa utakuta maji ni ya moto, yanatoka mapya. Saa hiyo fundi huacha cherehani, akasimama pale, akalishika bega la gauni mpaka litulie.