Hodi Kwenye Hedifoni

Msinicheke. Haya kaniambia Mmanga mwenyewe, yule rafiki yangu mwenye chumba cha gemu pale Konde, Pemba, na Mmanga si mtu wa kuzua.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Alijifungia peke yake kulijaribu gemu jipya la vita, toleo la pili, kabla wateja hawajaligusa. Madirisha ya chumba kile yamezibwa kwa maboksi, mwanga ni wa skrini tu. Sehemu ya hadithi, ile ya kucheza peke yako, aliimaliza upesi, akaiona nyepesi kuliko ya toleo la kwanza. Akahamia mapambano ya mtandaoni. Huko hakukuta mchezaji hata mmoja, ila nyumba zilizobomoka na upepo unaovuma masikioni.

Kisha akasikia viatu vizito vikikanyaga vioo. Vikasimama. Sauti ikasema taratibu, "Hodi."

Mtu wa Pemba akipigiwa hodi hafikiri. "Karibu," akajibu.

Hapo hapo umeme ukakatika. Hedifoni zikanyamaza, akazivua. Lakini hatua aliendelea kuzisikia, sasa za miguu mitupu, zikipita sakafuni nyuma ya kiti chake.

"Ningesema nini, yakhe?" huniuliza mpaka leo. "Mgeni nishamkaribisha mwenyewe."

Alipapasa ukuta hadi mlangoni, akafungua komeo alilolifunga kwa mkono wake, akatoka. Nje ya kizingiti, kando ya ndara zake, palikuwa na buti za jeshi, zimevuliwa na kupangwa vizuri. Akazigusa. Ndani zilikuwa bado zina joto.