Mbuzi wa Zamu ya Nafuna

Ndugu zangu wa Ruiru na Thika, hasa nyinyi mlio kwenye vikundi, hebu ketini nami kidogo.

Nilipokuwa darasa la saba, asubuhi zetu pale Gitothua zilianza na kengele ndogo shingoni mwa Karembo, mbuzi wetu wa maziwa. Mama yangu, Waithira, alimkamua akiimba wimbo wa kanisani. Baba yangu, Bedan, alimkatia nyasi kabla ya kwenda kiwandani. Chai yetu ilikuwa nzito. Mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi mbichi, namwona mama kwenye kigoda chake.

Karembo hakununuliwa. Alitoka Mbale, Uganda, kwa mpango wa wafadhili wa ng'ambo waliotaka akina mama wa nchi hizi mbili wainuane. Wenzetu walituletea mbuzi, nasi tukawafundisha kusuka vyondo, vile vikapu vya mkonge. Sharti lilikuwa moja: mtoto jike wa kwanza apewe anayefuata kwenye orodha. Baada ya mama alifuata Nafuna wa Kamenu, mjane aliyechuma kahawa, mwenye mtoto aliyekonda kwa kuugua. Maziwa yale aliyangoja kwa hamu.

Karembo akazaa jike mweupe. Akakua vizuri, vizuri mno, jamaa mmoja wa Juja akamtaka. Mama alimkumbusha baba kwamba yule ni wa Nafuna.

"Mama Emmah, mbuzi ni mbuzi," baba akasema. "Nafuna atapata mbuzi."

Akamuuza, akaenda soko la Thika akanunua mwingine mweupe vilevile. Mimi na mama tulinyamaza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Siku ya kumpitisha mbuzi kwa Nafuna ikafika, na wageni wa Mbale wakaja. Kiongozi wao, Mzee Khisa, alisalimiana na Nafuna, mzaliwa wa magharibi karibu na mpaka wa Uganda, kwa lugha zao zinazofanana, wakacheka kama watu wa boma moja. Desturi yetu ilikuwa kwamba mtoto anyonye kwa mama yake mara ya mwisho mbele ya wote, ndipo kamba ikabidhiwe. Baba alikuwa kazini miaka yote ya mikutano ya kikundi cha mama. Desturi hiyo hakuijua.

Yule mbuzi mdogo akasogea. Karembo akamnusa, akampiga kichwa. Mourine, jirani yetu, akatania kwamba Karembo anaona haya mbele ya wageni, na watu wakacheka. Mtoto akarudi, akarushwa tena. Safari hii hakuna aliyecheka. Karembo aliinua shingo, akalia akitazama langoni.

Mzee Khisa akachuchumaa, akamshika yule mbuzi mdogo masikio, akaona hayafanani na ya Karembo.

"Bedan, ndugu yangu," akasema polepole, "wa Nafuna yuko wapi?"

Nafuna akaweka kikombe chini, akamshika mwanawe mkono, wakaondoka.

Wageni walituaga kwa adabu. Lakini awamu iliyofuata ya ufadhili ilipelekwa kwingine, na majina tisa yaliyobaki kwenye orodha hayakuitwa kamwe. Sijui ni watoto wangapi walikosa maziwa.

Jumapili iliyofuata mkutano ule, tulipotoka kanisani, mama mwenyewe alimfungua Karembo. Baba akauliza, kwa sauti ya chini, chai itakuwaje.

"Tutakunywa turungi," mama akasema. Tukaizoea kweli, chai isiyo na maziwa.

Jirani alitubeba kwa pikapu hadi Kamenu. Nafuna akatoka mlangoni, akamtazama Karembo.

"Huyu si wa zamu yangu," akasema.

"Zamu yako niliila mimi kwa kunyamaza," mama akamjibu, akamwekea kamba mkononi.

Mwaka jana nilijifungua. Nikiwa bado kwa wazazi, Nafuna akatokea langoni na mbuzi jike mweupe, mjukuu wa Karembo. Hapakuwa na mfadhili wala mgeni. Aliniambia tu, "Emmah, sasa ni zamu yako."

Baba alifungua lango, akampokea kamba. Kisha akachukua panga, akaenda kukata nyasi bila kutumwa.

Funzo

Msaada wa jirani, hata jirani wa ng'ambo ya mpaka, una mtu mwingine anayeungoja nyuma yako. Ukiukatiza, unawanyima hata usiowajua. Anayeona akanyamaza ameshiriki. Lakini aliyekosea na arudishe, hata kama kitakachobaki kwake ni turungi. Mbuzi wangu atazaa karibuni. Akizaa jike, tayari najua nitampelekea nani.