Pumzi Nilizozikata

Jioni ile nilitoka mara moja tu kununua bando la intaneti. Vionjo vilikuwa tayari: nusu dakika ya kila wimbo, nyimbo nane, mtu asikilize bure mtandaoni, akinogewa anunue albamu nzima. Mke wangu alikuwa na miezi miwili kaburini. Nilimwahidi akiwa kitandani hospitalini kwamba albamu yake itasikika.

Nikarudi studio, chumba chetu cha nyuma chenye magodoro ukutani, nikavipandisha. Sijainuka kitini, ujumbe wa kwanza ukaingia.

"Wimbo wa tatu, huyo dada anahema. Ni makusudi?"

Nikacheka peke yangu. Mimi ni fundi sauti. Mwimbaji akivuta pumzi kati ya mistari, naikata, ndiyo kazi. Mke wangu alizoea kunitania, "Ukizimaliza zote, watu watadhani umerekodi sanamu." Faili langu lilikuwa safi, nililisafisha kwa mikono yangu.

Nikafungua kionjo kule mtandaoni, nikavaa hedifoni.

Hhh...

Akaimba mstari. Kisha tena.

Hhh... hhh...

Ikanijia harufu ya ile dawa aliyokuwa akijipaka kifuani miezi ya mwisho. Mlango ulikuwa umefungwa. Kopo lake nilishalitupa mwenyewe.

Nikakifuta, nikapandisha kingine. Yale yale. Siku ya tatu watu walikuwa wakiandika kwamba kinawatoa machozi, na albamu ikaanza kununuliwa. Lakini kadiri wasikilizaji walivyoongezeka, pumzi zilizidi kuwa fupi. Mtu anayezama hupumua hivyo.

Nikakiacha. Niseme nini? Alikuwa anasikika, kama nilivyoahidi.

Siku ya nne, giza linaanza kuingia, mama mkwe akapiga simu. Hakupandisha sauti.

"Baba, nimesikia wimbo wa mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Anatafuta hewa."

Nikasogeza kiti mbali na kompyuta.

"Siku mliyorekodi, uliyasikia haya?"

Niliyasikia. Hedifoni hazifichi kitu. Niliyasikia mwezi mzima kabla ya daktari yeyote, nikamwambia mke wangu arudie mara moja tu, hizo pumzi nitakata. Naye akarudia, kwa sababu aliniamini.

"Niliyasikia, mama."

Hapo akanong'ona, "Basi mrudishie. Mrudishie chake."

Fundi hatupi kitu. Kila pumzi niliyokata ilikuwa bado kwenye kompyuta, mia mbili na kumi na moja. Nikazirudisha moja moja mahali pake, nalia hadi skrini siioni vizuri. Pale alipovuta mara tatu kupata neno moja. Pale alipokohoa, nikajisikia mwenyewe nikisema, "Tena."

Nilipoweka ya mwisho, taa nyekundu ya maikrofoni ikawaka.

Sikuigusa.

Nyuma ya shingo yangu mtu akavuta pumzi. Ndefu, ya kujaza kifua, kama mwimbaji anapotaka kuanza.

Sikugeuka. Niliogopa kumwona, na niliogopa zaidi nigeuke nisimwone.

Asubuhi jumbe zilikuwa zimejaa. "Mbona ala tupu?" Nikafungua. Gitaa lipo, ngoma zipo, kinanda kipo. Sauti hakuna. Nyimbo zote nane, hata nakala nilizokuwa nimezificha kabatini. Hata ile sauti aliyonirekodia kwenye simu, ananikumbusha nisisahau sabuni, ilibaki mvumo mtupu.

Nikampigia mama mkwe. Akapokea kwa kunong'ona.

"Mama, sauti yake imepotea. Yote."

"Haijapotea. Yuko huku kwangu. Amelala."

Nikabana simu sikioni. Nyuma yake, karibu sana na simu, nilisikia mtu akipumua. Polepole, bila kukwama, pumzi za mtu mwenye afya. Pumzi zake ningezitambua kati ya elfu.

"Mama, naomba niongee naye. Neno moja tu."

Nikasikia khanga yake ikichakarika, kama mtu anayeinama kusikiliza.

"Amesema hapana, usingizini," akajibu. "Usipige tena, baba. Utamwamsha."