Mianzi ya Tabea

Ezekia ni rafiki yangu, lakini simwonei huruma. Alikwenda Tanga kukata mkonge, akamwacha mkewe Tabea hapa Mdandu na mianzi ya kugema ulanzi. Miaka tisa hakutuma hata barua, mpaka Tabea akafa.

Mwaka 1951 alirudi kung'oa mlango akauuze Makambako. Nyumba ilishabomoka. Ndani ya ukungu akasikia ulanzi ukidondoka: to, to, to. Mwanzi usipokatwa ncha asubuhi na jioni hukauka, na pale hapakuwa na mtu. Lakini kila ncha ilikuwa imekatwa upya.

"Nikanywa," aliniambia. "Kwani si mianzi yangu?"

Tangu hapo, asubuhi na jioni, hukuta kidole chake cha pete kimekatwa kidogo nchani. Kimebaki pingili moja, na kinachodondoka si damu.