Kitabu Kilisema Ndiyo

Wenzangu mnaolea, acheni kidogo mnachofanya mnisikilize, maana jambo hili lingeweza kuwa la nyumba yoyote, hata yangu.

Nyumba hiyo ilikuwa na amani yake. Vyumba viwili, kibaraza cha saruji, cherehani ya miguu, na watu wawili: mama mshonaji na binti yake. Binti alikuwa kiziwi tangu alipougua akiwa na miaka mitatu, lakini mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu mikono yake haikujua kunyamaza. Akianza kukusimulia jambo, heri usogeze kikombe chako.

Kila asubuhi mama alikanyaga cherehani, Chiriku akashona vifungo. Kabla jua halijawa kali, wanawake wa kiwanda cha mashati walipita mbele ya kibaraza na aproni zao za bluu, wakicheka. Hapo sindano ya Chiriku ilisimama hewani mpaka wa mwisho apotee kwenye kona. Kisha aliuliza kwa mikono, swali lilelile: "Na mimi lini?"

"Kunywa chai kwanza," mama alijibu, kana kwamba chai ni jibu.

Walishakwenda kiwandani mara mbili. Msimamizi alimwambia mama, "Shangazi, king'ora cha kusimamisha mashine hatakisikia. Sindano ikimpitia kidole, nani atajibu?" Mama alirudi na huzuni, na ndani ya huzuni ile, nisiwafiche, kulikuwa na nafuu kidogo. Mtoto atabaki machoni pake.

Chiriku alipofikisha miaka ishirini na miwili, alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu, dada mpole mwenye begi mgongoni. Alikuwa akichunguza kwa nini watu wenye ulemavu hawapati kazi viwandani, na wale wanaopata wamewezeshwaje.

"Huyu wangu hawezi," mama alidakia kabla swali halijaisha.

"Mama, niruhusu nimuulize mwenyewe."

Kumbe dada yule alijua lugha ya ishara! Waliongea mpaka chai ikapoa. Mama aliisoma mikono ya bintiye kwa pembeni, na sentensi moja ikamchoma: "Nataka kurudi nyumbani nimechoka, kama wao."

"Majibu yatawarudia," mtafiti alisema akiaga.

Yalirudi kweli, baada ya mwaka, kwa posta. Kitabu kinene, jalada linang'aa, lugha ya kigeni mwanzo mpaka mwisho. Mama ana elimu ya msingi tu. Chiriku alisoma shule ya viziwi, Kiswahili anakisoma vizuri sana, lakini kitabu kile kilimshinda ukurasa wa kwanza. Akaitwa mjomba, kaka yake mama, karani wa ofisi ya maji, ambaye ukoo mzima humwita Msomi.

Mjomba alivaa miwani, akafungua katikati, akakohoa.

"Eee... hapa kuna takwimu."

"Zinasemaje, kaka?"

"Takwimu nzito hizi, dada. Si za kila mtu."

"Mimi nataka kujua mtoto anaweza kazi ama hawezi."

Mjomba alifunua kurasa nyingi. Neno alilolitambua lilikuwa moja tu, lenye maana ya vikwazo, nalo lilikuwa kila mahali. Angeweza kusema, "Dada, sijaelewa." Maneno mawili. Lakini Chiriku alikuwa amekodolea macho midomo yake, na dada yake amesimama na chai ya heshima mkononi.

"Wamethibitisha," akasema. "Vikwazo ni vingi. Kiwandani haiwezekani."

Mama akamgeukia binti, akamfikishia: "Wasomi wamesema haiwezekani."

"Hata yule dada?"

"Hata yule."

Swali la asubuhi likaishia hapo. Wanawake wa aproni walipita, Chiriku hakuinua kichwa. Mikono yake ikawa ya vifungo na vyombo tu. Mama aliyezoea kumgombeza kwa vikombe alivyovunja akisimulia, sasa alitamani hata kimoja kivunjike. Angekaa usiku na mchana kusikiliza, lakini hakuna aliyesimulia.

Ikapita miaka sita.

Mtafiti akarudi, amenenepa kidogo, mkononi ana karatasi moja iliyokunjwa. Kiswahili chepesi, na michoro.

"Nisameheni," alisema. "Hii ndiyo iliyotakiwa kuja kwanza. Tulidhani kitabu kinatosha."

Chiriku aliipokea, akasoma mwenyewe, kidole chini ya kila mstari. Karatasi ilieleza kuwa katika viwanda vitatu, mafundi viziwi walifanya kazi sawa na wenzao baada ya kufungwa taa ndogo nyekundu juu ya kila mashine, iwake king'ora kinapolia, na baada ya msimamizi kujifunza ishara arobaini.

"Haya yalikuwa kwenye kile kitabu?" mama aliuliza.

"Ni hayohayo, mama."

Chiriku akainua mikono polepole. "Miaka sita kilikuwa kinasema ndiyo?"

Mama akaikunja karatasi, akaifunga kwenye ncha ya kanga.

Kesho yake walikwenda kiwandani. Msimamizi, yuleyule, aliisoma karatasi akiwa wima.

"Taa tu?"

"Taa tu," mama akasema.

"Ah, shangazi! Mbona hamkuniletea wakati ule? Ningemchukua siku ileile." Kisha akauliza umri wa binti, akaambiwa ishirini na tisa, na uso ukamshuka. Wanaoanza kazi hupokewa mwisho miaka ishirini na mitano, amri ya wenye kiwanda. Aliwaombea kwa wakubwa, aliomba kweli. Jibu halikubadilika.

Taa zilifungwa. Wasichana wawili viziwi wa miaka kumi na tisa wakaajiriwa. Na aliyemfundisha msimamizi ishara arobaini ni Chiriku, wiki tatu, ameketi ndani ya kiwanda kama mgeni. Siku ya mwisho msimamizi alimwuliza kwa ishara kama anataka kitu chochote. Akaomba mashine iwashwe. Akashona pindo la mkono mmoja wa shati, limenyooka kama rula. Akakata uzi, akainuka, akampisha mwenye kiti. Mama yake aliyaona yote akiwa mlangoni, akashindwa kuingia.

FUNZO

Nyinyi mliosoma, mkija kutuuliza maisha yetu, turudishieni majibu kwa lugha tuliyowajibu nayo. Kitabu kibaki huko chuoni kwa wenzenu, hilo hatulikatai, lakini karatasi moja nyepesi iingie nyumbani kwa aliyeulizwa, na nyingine kiwandani. Nasi tusiosoma sana, tukiletewa tusichokielewa tusione haya: tukirudishe, tuulize mpaka tuelewe. Mjomba hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu kuonekana mjinga.

Na wewe mama mwenzangu, kabla hujasema "wangu hawezi", jichunguze kama ni yeye asiyeweza, au ni wewe usiyeweza kukaa bila yeye. Nasema haya kwa uchungu. Hakuna mtu aliyempiga Chiriku wala kumfukuza. Tulimpenda sote, na miaka yake ikapita.